Mkeka wa Mlangoni

Barrow, Alaska
6 Novemba 1994

Shangazi yangu Kalolaine,

Namshukuru Mungu kwamba mkono huu unaoandika bado una vidole vitano, maana hapa si kila mtu anaweza kusema hivyo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye nyumba ya kusukia mikeka, ukiwasema wanawake wenzako kama kawaida yako. Msalimie baba. Msalimie mdogo wangu Lesieli. Mwambie mama nimepata koti zito, aache kulia.

Mimi ni mzima. Mgongo unaniuma kidogo, lakini ni uchovu tu. Kazi ni ileile: mabomba ya maji ya mji yakiganda, natumwa na mpira wa mvuke kuyayeyusha. Nikimaliza la mwisho, la kwanza limeshaganda tena. Huu ni mwaka wa saba. Wiki mbili zijazo jua litazama moja kwa moja, na hatutaliona tena hadi mwezi wa kwanza.

Habari mpya ni kwamba nina majirani. Ile nusu ya pili ya nyumba yangu, upande wa pili wa ukuta wa mbao, wamehamia wazee wawili, mume na mke, wamisionari. Walikuja tangu mwezi wa saba. Sikukuandikia kwa sababu nilijua baridi ikianza watakimbia. Imeanza, hawajakimbia.

Mume anaitwa Wendell Haslam, ana miaka sabini na moja. Maisha yake yote amelima viazi huko Idaho. Mke anaitwa LaRue. Wana watoto sita na wajukuu ishirini na tatu. Wamefunga nyumba yao, wakawaaga wote hao, wakaja kukaa mwaka mmoja mahali ambapo hata mbwa huomba kuingia ndani. Katika kanisa lao kila mmisionari mwanamume huitwa Mzee, hata kijana ambaye ndevu hazijamwota. Huyu angalau jina linamfaa.

Shangazi, watu hawa wananishangaza. Ukuta ni mwembamba, nasikia kila kitu. Saa kumi na mbili asubuhi nasikia magoti yao yakigonga sakafu. Ya mama Haslam hushuka upesi. Ya mzee hushuka moja moja, na mlio kama mlango wenye kutu. Wanaomba. Kisha mama anakanda unga. Kisha wanagombana kuhusu gari, maana huku gari lisipochomekwa kwenye umeme jioni ili injini isigande, asubuhi limekufa.

"LaRue, ulichomeka gari?"

"Jana ilikuwa zamu yako, Wendell."

"Zamu yangu ilikuwa juzi."

"Basi juzi ulichomeka, jana ukasahau."

Halafu mzee anatoka na beleshi kuondoa theluji kwenye ngazi za watu. Za kwake, za kwangu, za Bertha Kignak wa mbele yetu, mwanamke wa hapa hapa, mjane wa nahodha wa kuwinda nyangumi, mwenye ulimi mkali kama wako. Bertha alimfungulia dirisha akamwuliza, "We mzee, umekuja kutuokoa na nini?" Mzee akasema, "Leo na ngazi hii. Utateleza." Bertha akacheka, akafunga dirisha.

Hawahubiri, shangazi. Nimengoja miezi minne wanihubirie, niwakatalie. Hawajanipa nafasi. Wewe unajua watu kuliko mimi. Mtu anayeacha wajukuu ishirini na tatu kuja kufagia theluji ya mtu asiyemjua, anatafuta nini?

Mimi mwanao,
Lisiate


Lotofoa, Ha'apai
18 Desemba 1994

Lisiate,

Mungu ametufikisha karibu na Krismasi tukiwa na paa juu ya vichwa, na ni zaidi ya tulivyostahili, kwa vile tulivyoimba vibaya Jumapili. Barua yako ilikaa bandarini Pangai wiki mbili kwa sababu meli iliharibika. Mama yako hajambo. Baba yako hajambo, majimbi yake yamestawi. Nguruwe mweupe amezaa tisa, akalala juu ya wawili.

Barua yako nimewasomea wanawake wote wa nyumba ya kusukia. Wakataka nirudie pale pa magoti. Sasa sikiliza maswali yao na yangu. Wanakula nini? Nimesikia watu wa kanisa hilo hawanywi chai wala kahawa. Sasa kwenye baridi hiyo wanajipasha moto kwa nini? Jumapili wana waumini wangapi? Wanalala kitanda kimoja? (Hilo limeulizwa na mke wa mchungaji, si mimi.) Na usije ukabatizwa mara ya pili. Ulishabatizwa na Wawesley, na maji yalikuwa ya kutosha.

Wamisionari wa babu zetu walitoka kwenye baridi wakaja kwetu visiwani kwenye joto. Hilo lilieleweka, mtu yeyote angefanya hivyo. Hawa wanaokwenda baridini ni jambo jipya. Wachunguze.

Sasa jambo lenyewe. Lesieli ameposwa na Kepu, mwana wa mwalimu wa Pangai. Harusi ni Jumamosi ya tarehe 12 Agosti. Mimi ndiye shangazi, mimi nitamvika bibi arusi, na hakuna atakachofungwa kiunoni isipokuwa ule mkeka laini wa kuvaa wa babu yangu niliokupa siku uliyoondoka. Nilikupa ukae nao, sasa una kazi. Utume mapema, usingoje mwezi wa saba. Ufunge vizuri. Usiuoshe.

Shangazi yako,
Kalolaine


Barrow
29 Januari 1995

Shangazi,

Jua limerudi Jumatatu. Lilichungulia kidogo kama mtu mwenye deni, likazama. Bertha Kignak alisimama kwenye ngazi yake akalipungia mkono. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Nimefurahi kwa ajili ya Lesieli. Mwambie Kepu kwamba nina mikono mirefu, hata kutoka huku.

Najibu maswali. Wanakula mkate, mkate na mkate. Wanakula viazi vya unga vinavyokorogwa na maji moto, na kila mara mzee huvitazama kwa huzuni kama mtu anayetazama picha ya marehemu. Wana mitungi ya pichi aliyoisindika mama mwenyewe kule kwao, na kila Jumapili hufunguliwa mmoja, nao hunigongea ukuta mara mbili, maana yake njoo. Bertha huwaletea ngozi ya nyangumi na mafuta yake, mbichi. Mara ya kwanza mzee alitafuna kipande kimoja kwa dakika kumi nzima. Bertha akamwuliza, "Vipi?" Mzee akasema, "Bado ninafikiri." Sasa anaomba mwenyewe.

Wanakunywa maji ya moto yenye asali. Kweli hawagusi chai. Waumini Jumapili ni tisa wakiwa wengi, sebuleni kwao, na mama hupiga kinanda kidogo cha betri. Kitanda ni kimoja. Mwambie mke wa mchungaji kwamba mzee hukoroma na mama hupiga ukuta wangu kwa kiwiko akidhani ni mgongo wa mumewe.

Jumanne huenda hospitali kuwasomea wagonjwa. Ijumaa mama hufundisha wanawake kushona blanketi za viraka, nao humfundisha kushona viatu vya ngozi, na husema anashona kama mtu aliyevaa glavu. Mzee huandika baridi ya kila siku kwenye kalenda. Jana ilikuwa nyuzi arobaini chini ya sifuri, akapiga mstari mara mbili kwa furaha, kama mvuvi aliyepima samaki mkubwa. Wiki iliyopita alitoka akiwa hajakausha nywele, zikaganda, akaingia ndani na kichwa kama brashi. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Bado sijajua wanatafuta nini. Nilimwuliza mzee, akasema, "Kwa sasa natafuta glavu yangu ya kushoto."

Kazi ni nyingi. Naishia hapa, karatasi imekwisha.

Lisiate


Lotofoa
3 Machi 1995

Lisiate,

Tu wazima. Mvua ni nyingi.

Karatasi yako haikuwa imekwisha. Nyuma ilikuwa nyeupe.

Umenijibu hadi mkoromo wa mzee, na mkeka hukuutaja hata kwa neno moja. Tena nimeitoa barua yako ya mwezi wa kumi na moja nikaitazama upya. Mwandiko wako siku zote husimama wima kama nguzo za uzio. Ile barua mwandiko umelala, na wino umekatikakatika kama kalamu iliyoshikwa juu chini. Mtu aliyekaa mezani haandiki hivyo.

Maswali ni mawili tu. Ulikuwa umelala kwa nini? Na mkeka uko wapi?

Kalolaine


Barrow
9 Aprili 1995

Shangazi yangu,

Nakusalimu nikiwa nimeinamisha kichwa. Barua hii nimeianza mara nne.

Tarehe 20 Oktoba nilikuwa juu ya ngazi ya chuma, bomba likapasuka, maji yakaganda kwenye ngazi hata kabla sijateremka. Nilianguka chali. Hospitali walisema mfupa haujavunjika, lakini nilale kwenye sakafu ngumu, nisisimame. Nililala siku kumi na tisa. Barua ile niliandika nikiwa chali, karatasi juu. Sikukuambia kwa sababu ungemwambia mama, na mama angelia, na baba angeacha shamba aende kanisani.

Sikuwa na mtu. Asubuhi ya kwanza nilijaribu kuvaa soksi nikashindwa, nikapiga kelele. Mzee Haslam akaja. Alipiga yale magoti yake sakafuni, akanivisha soksi. Kesho yake alikuja tena. Shangazi, siku kumi na tisa mtu mwenye miaka sabini na moja alinivisha mimi soksi. Mama Haslam alinilisha kwa kijiko. Mimi, mwana wa Soakai, nimelala, na mzee ameshika miguu yangu. Kule nyumbani ningejificha miaka mitatu kwa aibu. Yeye alikuwa akinisimulia viazi. Kuna aina za viazi nisizotaka kuzijua tena maishani.

Siku niliyosimama niliangalia chumbani kwangu. Kuna redio, viatu viwili na sufuria. Kitu kimoja tu kilitosha kulipa miguu ile. Nikauchukua mkeka, nikaufunga kwenye shuka safi, nikawapelekea.

Sasa sikia kosa langu. Niliutoa kama tunavyotoa sisi. Niliinama nikasema, "Samahani, ni kitu kikuukuu tu, kimechanika, hakifai, lakini sina kingine." Nawe unajua mpokeaji anavyopaswa kujibu hapo, apige kelele, akatae, aseme yeye si mtu wa kustahili kitu kama hicho.

Mama Haslam akasema, "Usijali kabisa, mwanangu! Utatufaa sana."

Waliniamini, shangazi.

Kesho yake nilipoingia, kwenye kile chumba kidogo cha mbele cha kuvulia viatu, mkeka ulikuwa umetandikwa chini. Juu yake kulikuwa na viatu vya theluji, jozi tatu, vinachuruzika maji. Bertha alikuwa anajipangusa miguu juu yake.

Hadi leo uko pale. Kila nikiingia nauruka kwa hatua ndefu, na mama huniambia, "Una miguu mirefu, Lisiate." Kitu nilichokwisha kutoa siwezi kukidai. Harusi ni Agosti. Wao wanaondoka mwisho wa mwezi wa sita, na sijui watauchukua, watauacha au watautupa. Nipige, lakini niambie la kufanya.

Lisiate


Lotofoa
7 Mei 1995

Lisiate, mwanangu,

Niliposoma pale pa viatu jozi tatu niliiweka barua chini, nikaenda kuchambua majani ya mkadi ya kusukia hadi vidole vikatoka damu. Kisha nikarudi nikasoma pa soksi. Nikasoma mara ya pili.

Hukukosea kutoa. Miguu ya mtoto wetu ilishikwa, na hatukuwa na kitu kidogo zaidi cha kulipa. Ulikosea kunificha miezi sita. Hilo tutalimaliza ukija.

Na mimi nina langu nililolificha, afadhali tulingane. Mkeka ule haukuwa wangu. Ulikuwa kwa baba yako. Wiki uliyoondoka niliingia nyumbani kwake nikasema, "Ule naupeleka na mtoto." Mimi ni dada, nikitaka kitu cha kaka yangu nakichukua, na yeye kama kaka hawezi kusema hapana. Hakusema. Alitoka nje akachonga mpini wa jembe hadi jioni. Tangu siku ile hajanisemesha kwa kinywa chake. Akitaka kitu humtuma Lesieli: "Mwambie shangazi yako." Na kwa kuwa kaka na dada kwetu hawazungumzi ovyo, miaka saba hakuna aliyegundua isipokuwa mimi. Nilitaka mkeka urudi kwenye harusi, auone, basi. Sasa Lesieli anaolewa anahama. Atamtuma nani?

Kwa hiyo fanya hivi. Huwezi kudai, lakini unaweza kusifu. Nenda ukausifie mkeka mbele yao. Mtu mwenye adabu akisifiwa kitu chake mara tatu, humpa anayesifu. Hao ni wazee wenye adabu.

Fanya haraka.

Kalolaine


Barrow
25 Juni 1995

Shangazi,

Jua sasa halizami, watu wamewapata nyangumi watatu, mji mzima unanuka mafuta na furaha. Mgongo umepona kweli, naandika mezani, tazama nguzo za uzio.

Nilisifu. Jumapili ya kwanza nilisimama pale mlangoni nikasema, "Mkeka huu ni mzuri sana." Mama akasema, "Asante, Lisiate! Hata sisi tunaupenda." Akaenda zake jikoni.

Jumapili ya pili nikasema kwa nguvu zaidi, "Sijawahi kuona mkeka mzuri kama huu."

Mzee akanitazama. "Si wewe uliyetupa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi umewahi kuuona."

Jumapili ya tatu Bertha alikuwepo, anakula pichi. Nikauinamia mkeka, nikaupapasa, nikausifu hadi jasho likanitoka: rangi yake, ukili wake, mikono iliyousuka. Wazee wanatabasamu tu. Bertha akaweka bakuli chini. "Ninyi wawili, masikio yenu yameganda? Huyu mtu anataka mkeka wake, na kwao hawana njia ya kusema!"

Ndipo nikasema yote. Kwamba kwetu mkeka haupandi thamani kwa upya, hupanda kwa uzee. Kwamba ule ulisukwa na bibi wa shangazi yangu. Kwamba watu wameuvaa kwenye maziko na kwenye harusi kabla wao hawajazaliwa. Mzee alivua viatu akabaki na soksi kwenye kile chumba ambamo kikombe cha maji hupata ngozi ya barafu. Mama alikaa sakafuni.

"Mwaka mzima," akasema, "nimejipangusa miguu juu ya bibi yako?"

"Miezi saba, mama."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema ni kikuukuu."

"Sisi tukisema kitu ni kikuukuu, mwanangu, maana yake ni kikuukuu!"

Bertha alicheka hadi akajishika mbavu, na mimi nikacheka, lakini mama hakucheka. Akaugeuza mkeka upande wa chini. Shangazi, tangu mwezi wa kwanza aliona ukingo unafumuka, na kwa kuwa ulitoka kwangu hakutaka uharibike. Kila Jumapili jioni amekuwa akiushona pindo kwa uzi mwekundu wa sufu uliobaki kwenye sweta ya mjukuu wa ishirini na tatu. Upande mmoja mzima ni mwekundu, mishono midogo midogo, umekaza kabisa. Akachukua mkasi. "Nimeharibu. Nitafumua wote." Machozi yanamtoka. Nikamshika mkono. Nilitaka kukuuliza kwanza, lakini ndege ya posta ilikuwa Jumatano na barua kwenda na kurudi ni miezi miwili. Kwa hiyo nimeutuma ulivyo. Ukikasirika, mkasi unao.

Ameufunga ndani ya blanketi la viraka alilolishona mwenyewe. Anasema hilo ni la Lesieli, na kwamba si kikuukuu, na alirudia mara mbili ili nielewe.

Tulipomaliza kufunga nikamwuliza mzee kwa mara ya mwisho walikuja kutafuta nini, maana wanaondoka tarehe 30 na wanawake wa nyumba ya kusukia wananidai jibu. Alijikuna. Mama ndiye aliyejibu, bado ana nyuzi mdomoni. "Nyumbani watoto walishaanza kutufunga kamba za viatu," alisema. "Wanatupenda. Wanatubebea kila kitu, wanatukalisha. Nikamwambia Wendell, lazima kuna mahali ambapo bado tunaweza kufunga za mtu mwingine."

Mzee akasema, "Na kweli nilitaka kuona nyuzi arobaini."

Kifurushi kimeondoka. Omba meli ya Pangai isiharibike.

Lisiate


Lotofoa
20 Agosti 1995

Lisiate, mwanangu,

Tumshukuru Mungu, Lesieli ameolewa, hakuna aliyelewa hadharani, na nguruwe walitosha. Mama yako alilia kama kawaida. Blanketi la viraka limeshikwashikwa na kila mwanamke wa Lotofoa, na Kepu hatajifunika nalo mpaka wamalize.

Kifurushi kilifika Alhamisi, siku mbili kabla. Meli iliharibika, lakini iliharibika ikiwa imeshafika.

Niliufungua mkeka peke yangu. Ulinuka samaki, mkate na kitu nisichokijua, nadhani ndiyo theluji. Nikautazama uzi mwekundu. Mkasi ulikuwa karibu. Kisha nikakumbuka kwamba mikeka mizuri huwekwa pindo la sufu tangu tuanze kupata sufu, na yule mama hakuambiwa na mtu. Mkono wake tu ulijua. Nikaurudisha mkasi mahali pake.

Jumamosi nilimfunga Lesieli kiunoni, uzi mwekundu ukiwa nje. Watu wakanong'ona. Nikainua kidevu.

Baada ya chakula, baba yako alikuja pale Lesieli alipokaa. Akachuchumaa. Akaanza kuupapasa mkeka kwa kidole, kidogo kidogo. Mimi nilikuwa mbele, mahali pa shangazi. Nilijua anachokitafuta. Hapa nguruwe aliuma mwaka tuliokuwa watoto. Hapa cheche ilianguka kwenye maziko ya babu. Hapa mimi mwenyewe nilimwaga rangi, akachapwa yeye. Kidole kikafika penye uzi. Kikasimama.

Hakumtazama Lesieli. Hakusema "mwulize shangazi yako." Alisema, "Kalolaine, huu wekundu umetoka wapi?"

Nikamweleza. Nikaanzia kwenye ngazi ya chuma, sikukuficha, samahani. Nikaeleza sakafu na kijiko na soksi, na viatu jozi tatu, na Bertha, na pichi. Chakula kikapoa. Watu wakaanza kucheza, sisi bado. Akauliza kama ni kweli gari huchomekwa kwenye umeme kama taa. Akauliza kama viazi vya unga ni viazi. Nikamwambia, mwandikie mtoto mwenyewe, mimi si posta. Anasema mkono wake ni mzito.

Basi naandika mimi. Yeye amekaa mlangoni, hatua tatu kutoka hapa, kama inavyompasa kaka, ananiamuru la kuandika tangu asubuhi na nimechoka naye. Anwani ya hao wazee huko Idaho itume, kuna mkeka mpya ninausuka, na safari hii nitaandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba si wa mlangoni. Na wewe mwaka ujao uje.

Ana swali moja la mwisho. Nimemwambia ni swali la kijinga, lakini hataki kuondoka mpaka niliandike. Anauliza, yule mzee, alikuwa akianza na soksi ya mguu upi?

Mjibu upesi. Anangoja.

Kalolaine